Nilisema "ndiyo" baba akiwa nje ya dirisha. Je, ile ilikuwa ndoa?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Mwanza. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, maana kila nikisoma nilichoandika naona kama nawasema watu. Ya leo naituma ilivyo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 38, Mkatoliki wa kuzaliwa. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka 14, mdogo 10. Nilifunga ndoa kanisani Oktoba 2010, kwenye parokia ya nyumbani, kijijini Kagera. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, na nilikuwa na mimba ya miezi minne.

Ndoa ilinishinda, Shangazi. Kipigo kilianza mtoto hajaanza hata kutambaa. Fomu ya polisi, PF3, ninayo mpaka leo, ya mwaka 2013 aliponivunja mkono. Wanawake wa nje niliacha kuwahesabu. Mwaka 2016 akaenda machimboni Geita, akawa anakuja mara mbili kwa mwaka, na mwaka 2018 hakuja tena. Nikasikia anaishi na mwanamke huko na wameshazaa. Ya shule haleti, ya kula haleti. Nilikwenda Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, akaitwa asitokee. Nikafungua shauri Mahakama ya Mwanzo, na mwaka 2021 nikapewa talaka.

Tangu alipoondoka sijakomunika. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniambia mwenye ndoa iliyovunjika hana tena nafasi kwenye meza ya Bwana. Basi kila Jumapili ukifika wakati wa komunyo nasogeza magoti, napisha wenzangu wapite, mimi nabaki kwenye benchi. Mwanangu mkubwa alipopata komunyo ya kwanza aliniuliza, "Mama, mbona wewe huendi?" Nikamwambia tumbo linaniuma. Wiki iliyofuata akaniuliza kama tumbo limepona.

Sasa kuna mtu. Ni mgane, anasali parokia ya jirani, mtu mzima mwenye adabu. Hatuishi pamoja, na ameshakuja nyumbani kujitambulisha. Anataka ndoa ya kanisani, na ameanza kutaja Desemba. Nilipouliza habari za kubatilisha ndoa kila mtu akaniambia lake. Mmoja anasema faili linakwenda Roma na linakaa miaka kumi. Mwingine anasema niandae milioni tatu. Mwingine anasema nikiwa na watoto haiwezekani. Wifi yangu akaniambia likifanikiwa wanangu watakuwa wa haramu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nimepanga ushahidi wangu: kipigo, PF3, uzinzi, kututelekeza, kunyimwa matunzo. Nadhani unatosha, au siyo?

Kuna jambo jingine, sijui kama lina maana, ila nimeona nikuambie yote. Mimi sikutaka kuolewa naye. Nilimfahamu miezi saba tu, na nilipomwambia mama kuhusu mimba nilisema nitazaa, nitamaliza chuo, sitaki ndoa. Baba aliposikia alisema binti yake hazalii nyumbani kwake, na kama siolewi nitoke mimi na mama aliyenilea hivyo. Mama alikwishafungasha nguo. Mjomba alikuja kusuluhisha wakagombana na baba mpaka wakaacha kusalimiana. Mahari ikapokelewa. Siku ya kuandikisha, paroko aliniingiza ofisini peke yangu, akaniuliza kama kuna anayenilazimisha. Dirisha lilikuwa wazi na baba alikuwa amekaa kwenye benchi nje. Nilikuwa nasikia anakohoa. Nikasema hapana, hakuna anayenilazimisha, nikatia sahihi.

Baba sasa ana miaka 76. Amelainika. Kila likizo anakwenda mwenyewe stendi kuwapokea wanangu. Sina kinyongo naye na sitaki kumpeleka mzee wangu kwenye mahakama yoyote.

Nieleze, Shangazi, kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu.

Mama Wawili, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na asante kwa kuituma.

Nitakujibu yote, ila sitafuata mpangilio wako. Naanza na benchi.

Hakuna sheria ya Kanisa inayomnyima mtu komunyo kwa sababu tu ana talaka ya mahakama. Hakuna. Swali la komunyo linakuja pale mtu aliyeachana anapokwenda kuishi na mwingine kama mume na mke wakati ndoa ya kwanza bado inahesabika. Wewe hujafanya hivyo. Mwaka 1981, katika waraka wake kuhusu familia, Familiaris Consortio, Papa Yohane Paulo II aliandika kwamba mtu aliyeachwa, ambaye hakuingia kwenye muungano mwingine, hana kizuizi cha kupokea sakramenti. Katekisimu nayo, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2383, inasema talaka ya serikali inaweza kuvumiliwa ikiwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki fulani au malezi ya watoto. Mtu aliyevunjwa mkono, akatelekezwa na watoto wawili, akaenda mahakamani kutafuta kinga, huyo ndiye anayesemwa pale.

Imeniuma sana kusoma kwamba umekaa na njaa hiyo miaka saba kwa neno la mtu wa jumuiya. Najua huyo mama hakuwa na ubaya, alirudia alichosikia. Lakini neno moja la kusikia limekupotezea Jumapili zaidi ya 300. Mwanangu, Jumamosi hii nenda kwenye kitubio. Mweleze padre maisha yako yote, pamoja na talaka na huyu mgane, umsikilize. Kama hakuna jingine linalokuzuia, Jumapili simama na wenzako. Na kijana wako wa miaka 14 mwambie ukweli kuhusu lile tumbo. Ameshakuwa mkubwa, na nadhani alijua.

Sasa tuje kwenye ndoa yenyewe.

Wote tunasema "kubatilisha ndoa", hata mimi ulimi unateleza, lakini neno hilo linatupotosha. Kanisa halibatilishi ndoa. Mahakama ya serikali inapotoa talaka inasema hivi: palikuwa na ndoa, leo imekwisha. Mahakama ya Kanisa haina uwezo wa kusema hivyo kwa ndoa halali ya wabatizwa wawili walioishi kama mume na mke, maana alichounganisha Mungu mwanadamu asikitenganishe. Inachoweza kufanya ni kuchunguza kama siku ile, mbele ya altare, ndoa ilifungika kweli. Ikigundua haikufungika, inatangaza kuwa ilikuwa batili tangu mwanzo.

Wewe ni mwalimu, utanielewa hivi. Mtoto akiacha shule darasa la sita, alikuwa mwanafunzi, sasa si mwanafunzi. Hiyo ni talaka. Lakini yupo mtoto aliyekaa darasani miaka mitatu, alivaa sare, walimu walimjua kwa jina, na siku mkaguzi anafungua rejista anakuta hakuandikishwa kamwe. Hakuna anayesema mtoto huyo hakukaa darasani. Alikaa. Kinachosemwa ni kwamba uandikishaji haukufanyika. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba ukipewa ubatili maana yake miaka yako minane ilikuwa ndoto, au machozi yako hayakutokea.

Ndiyo maana orodha yako ya ushahidi, pamoja na uzito wake wote, haitoshi. Kipigo cha mwaka 2013 kilitokea mwaka 2013. Kutelekezwa kulitokea mwaka 2018. Mahakama ya Kanisa inauliza habari za Oktoba 2010. Mtu anaweza kufunga ndoa halali kabisa, kisha akawa mume mkatili. Anatenda dhambi kubwa, mke ana haki ya kutengana naye, lakini ukatili huo peke yake hauifanyi ndoa kuwa batili. Najua jambo hili ni gumu kulimeza. Nimefundisha mafundisho ya ndoa parokiani miaka 17, na hapa ndipo wanawake huinamisha vichwa.

Mambo ya baadaye yana kazi moja: yanaweza kuonyesha kilichokuwepo kabla. Kama mwanaume alipoapa uaminifu moyoni alikwishaamua kwamba hatakuwa mwaminifu, au kwamba hataki watoto, au kwamba ndoa ni ya muda tu, kiapo chake kilikuwa tupu, na kanuni ya 1101 ya Sheria ya Kanisa inasema hivyo. Kama alificha kwa hila jambo zito kumhusu yeye ili akubaliwe, ni kanuni ya 1098. Kama akili au nafsi yake ilikuwa na tatizo zito lililomfanya ashindwe kuelewa au kubeba wajibu wa ndoa, ni 1095. Kwa hiyo jiulize: huyo wa Geita alimjua lini? Wakati wa uchumba alikuwa na mwingine, na alisema nini kuhusu kuoa? Kipigo kilikuwepo kabla ya harusi? Andika unachokijua, usiongeze. PF3 na hukumu ya talaka vitunze na uvipeleke, kwa sababu kabla ya kupokea shauri Kanisa linataka lijiridhishe kwamba maisha ya pamoja hayawezi kurudi.

Lakini jambo lenye uzito kwenye barua yako ni lile uliloliweka mwisho, ukasema hujui kama lina maana.

Kanuni ya 1057 inasema kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili wenyewe, na hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuitoa ridhaa hiyo kwa niaba yao. Baba mzazi ni mamlaka ya kibinadamu. Mahari, kamati ya harusi, kadi zilizokwishagawiwa, vyote ni vya kibinadamu. Kisha kanuni ya 1103 inasema ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa, au kwa hofu kubwa iliyotoka nje ya mtu, kiasi kwamba hana njia ya kuikwepa hofu hiyo isipokuwa kuolewa au kuoa, ni batili. Na inaongeza kwamba ni hivyo hata kama aliyesababisha hofu hakukusudia.

Soma tena sentensi ya mwisho ukimfikiria baba yako. Si lazima awe mtu mbaya. Inawezekana kabisa alidhani anakulinda na aibu.

Kwetu hofu ya namna hii ni ngumu kuiona, maana inafanana sana na adabu. Mtoto akimwogopa mzazi tunasema amelelewa vizuri. Wanasheria wa Kanisa wanaiita hofu ya heshima, na wao pia wanasema kumchukiza baba tu, kuona amenuna, kwa kawaida hakutoshi kuitwa hofu kubwa. Lakini wewe hukuambiwa kwamba baba atanuna. Uliambiwa utatoka nyumbani ukiwa na mimba, na mama yako atatoka pamoja nawe. Mama alifungasha nguo. Mjomba aligombana na shemeji yake kwa ajili hiyo. Kabla ya hapo ulikwishatamka kwamba hutaki kuolewa. Na paroko alipofanya kazi yake sawasawa, akakuuliza peke yako kama sheria inavyotaka, aliyekulazimisha alikuwa hatua chache kutoka dirishani na ulikuwa unamsikia akikohoa.

Jambo hilo usilipitie kwa haraka ofisini kwa paroko. Eleza benchi lilikuwa wapi, dirisha lilikuwa wapi, nani mwingine alikuwepo, mlirudije nyumbani siku ile.

Sasa nikuambie na upande wa pili, maana nisipokuambia mimi utaambiwa huko na utadhani umeonewa. Kanisa linaanza na imani kwamba ndoa yako ni halali mpaka ithibitike vinginevyo. Ndivyo isemavyo kanuni ya 1060. Kwenye kila shauri la aina hii yupo mtu anayeitwa mtetezi wa kifungo cha ndoa, na kazi yake ni kutafuta kila hoja ya haki inayoitetea ndoa hiyo. Si adui yako. Lakini atauliza. Ulitia sahihi kwamba hulazimishwi, kwa nini? Mlikaa miaka minane, mkapata mtoto wa pili mwaka 2015, baba yako alikuwa mbali, hofu ilikuwa wapi? Ulipata ajira, kwa nini hukuondoka mapema? Ulimpenda hata kidogo? Jibu ukweli, hata ule usiokupendeza. Kama kuna wakati ulimpenda, sema. Kukaa miaka mingi peke yake hakuthibitishi kwamba siku ya kwanza ulikuwa huru, na wala hakukanushi. Majaji watayapima yote. Wanatakiwa wafikie kile kinachoitwa uhakika wa kimaadili, yaani wasibaki na shaka yenye msingi. Wasipoufikia, watasema ubatili haujathibitika. Siwezi kukuahidi matokeo, na mtu yeyote anayekuahidi matokeo mkimbie.

Njia yenyewe ni hii. Unaanza kwa paroko wako hapo Mwanza. Si lazima urudi Kagera kufungua shauri: sheria inakuruhusu kwenda kwenye mahakama ya jimbo ilipofungwa ndoa, au ya jimbo anakoishi mmoja wenu, au ya jimbo ambako ushahidi mwingi utakusanywa. Unaandika barua ya maombi ukieleza historia na sababu. Unaambatanisha cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, hukumu ya talaka na majina ya mashahidi. Padre anayeiongoza mahakama hiyo kwa niaba ya askofu akiona kuna msingi, anaipokea na kumwandikia mume wako wa zamani.

Hapo wengi hukata tamaa wakisema, "Hatakuja, alishindwa hata kuja kwenye Baraza." Ana haki ya kuitwa na kusikilizwa, na hakuna anayeweza kumruka. Lakini akiitwa sawasawa akakaa kimya, shauri halifi. Linaendelea bila yeye. Ni ile njia fupi tu, ambayo askofu mwenyewe anaamua, ndiyo inayohitaji wote wawili muombe pamoja au mmoja aombe na mwenzake aridhie, tena mambo yawe wazi kabisa. Kwa mazingira yako usiitegemee.

Mashahidi watahojiwa mmoja mmoja. Niliwahi kukaa kwenye kiti hicho, katika shauri la binti wa ndugu yangu. Hakuna kizimba wala umati. Kilikuwa chumba kidogo chenye meza, padre mmoja na mwandishi. Nikashika Biblia nikaapa. Karibu maswali yote yalikuwa ya kabla ya harusi: alikuwaje wiki ile, alikuwa anakula, alikuwa analala kwa nani, alimwambia nani kwamba hataki. Nilitaka kusimulia jinsi alivyopigwa baadaye, padre akanisikiliza kwa upole, kisha akanirudisha kwenye wiki ile. Mwisho nikasomewa nilichosema, nikatia sahihi. Nilipotoka ndipo nilipoelewa kwamba hawakuwa wanatafuta mwenye makosa.

Wa kwako ni mama, mjomba, na yeyote uliyemwambia maneno ya moyoni wakati ule. Ulikuwa chuoni: kuna mwenzako wa bweni uliyemlilia? Msimamizi wako wa harusi? Shahidi aliyesikia mwaka 2010 ana uzito kuliko kumi waliosimuliwa juzi.

Roma uisahau kwa sasa. Mashauri ya kawaida yanaamuliwa hapa hapa kwetu. Zamani hata ukishinda, ilikuwa lazima mahakama ya pili nayo itoe hukumu ya kukubali ndipo uwe huru, na huko ndiko miaka ilikoishia. Papa Fransisko aliliondoa sharti hilo kwa barua yake ya tarehe 15 Agosti 2015, ikaanza kutumika tarehe 8 Desemba mwaka huo huo. Siku hizi hukumu moja inatosha ikiwa hakuna aliyekata rufaa ndani ya siku 15. Sheria inataka mahakama ya kwanza imalize ndani ya mwaka mmoja. Inaweza kuzidi, hasa mashahidi wakiwa mbali na barua zikichelewa.

Kuhusu milioni tatu, Papa alitaka mashauri haya yawe bure kadiri inavyowezekana, ila wanaofanya kazi hiyo walipwe haki yao. Majimbo mengine huomba mchango wa gharama. Uliza ofisi ya mahakama ya jimbo yenyewe, uambiwe kiasi na upewe risiti. Kama huna uwezo, sema huna, sheria inatambua msamaha wa gharama. Usimpe mtu fedha mkononi kwa maelezo ya kuharakisha faili.

Na wanao, mwanangu, lala usingizi. Kanuni ya 1137 inasema watoto waliotungwa au kuzaliwa katika ndoa halali, au katika ndoa iliyodhaniwa kuwa halali, ni watoto halali. Ndoa iliyofungwa kanisani kwa nia njema hata ya mmoja wenu inaitwa hivyo mpaka siku wote wawili mtakapokuwa na uhakika kwamba ni batili. Hukumu hairudi nyuma kuwagusa watoto. Hata yule aliyetungwa kabla ya harusi amezaliwa ndani yake. Wifi amekosea, na ningependa umwonyeshe mstari huu ili asiwaambie wengine. Tena hukumu ya ubatili inatakiwa iwakumbushe wazazi wajibu wao kwa watoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamdai baba matunzo vile vile, ndoa iwepo isiwepo. Hilo la matunzo usilisubirishe shauri la Kanisa. Nenda ustawi wa jamii.

(Wasomaji wangu wa Kenya, Burundi na Kongo, sheria ya Kanisa niliyoieleza ni hiyo hiyo kwenu. Ya serikali ndiyo inayotofautiana.)

Huyu mgane naona ni mtu wa maana, na kwa kuwa ni wa maana atanielewa: Desemba ifuteni. Msishone nguo, msiunde kamati. Nimeona watu waliopanga tarehe kwanza, hukumu ikachelewa au ikaja tofauti, wakajikuta wameanza kuishi pamoja kwa sababu kadi zilikwishatoka. Mpaka hukumu itoke wewe mbele ya Kanisa unahesabika ni mke wa mtu, na yeye akusubiri kama rafiki. Hukumu ikitoka ya ubatili, isome mpaka mwisho, kwa sababu wakati mwingine inaweka sharti kwamba mmoja asifunge ndoa nyingine kabla ya kuzungumza na askofu. Kisha inaandikwa kwenye daftari la ndoa na la ubatizo, na hapo ndipo unachukua cheti kipya cha ubatizo cha kuandikishia ndoa. Ikitoka kwamba haijathibitika, utakata rufaa kama kuna hoja, au mtakaa na padre muone maisha yanakwendaje. Hilo nalo mlizungumze sasa, ninyi wawili, mkiwa bado mmetulia.

Limebaki la mzee.

Shauri hili halimshtaki baba yako. Hakuna hukumu itakayosema ana hatia, hakuna faini, hakuna kutangazwa kanisani. Mafaili hayo ni ya siri. Lakini siwezi kukuficha kwamba jina lake litatajwa, na kwamba hakuna shahidi mwenye uzito kama yeye, kwa sababu ni yeye pekee anayejua alikusudia nini na alisema nini mlipokuwa hampo. Huna lazima ya kumuita. Mama na mjomba wanatosha kuanzia. Ila nisingependa asikie kwa watu kwamba bintiye amekwenda kumsema Mwanza.

Likizo ijayo wapeleke wanao kama kawaida. Zungumza na mama kwanza, peke yenu, umsikie anavyomwona mzee siku hizi. Akikubali, kaeni naye jioni moja watoto wakiwa wamelala. Usianze na "ulinilazimisha". Mweleze kwamba kuna mtu mwema anataka kukuoa, kwamba Kanisa linauliza habari za mwaka 2010, na kwamba wewe kumbukumbu zako zinafika kwenye lile benchi nje ya ofisi ya paroko, ndani unaulizwa swali na nje unamsikia. Kisha nyamaza. Mzee wa miaka 76 anayekwenda mwenyewe stendi kupokea wajukuu huenda amekuwa akilifikiria benchi hilo kwa muda mrefu. Akikasirika, usibishane naye, nenda ukalale, na usimrudie. Akiomba msamaha, mpe. Na akisema yuko tayari kwenda kuapa, mwambie paroko amwandikishe awe shahidi. Kwa umri wake, omba ahojiwe huko huko Kagera, hilo linawezekana, mahakama moja huomba msaada wa nyingine.

Nisalimie mama, na wajukuu zangu wawili. Ukishaonana na paroko niandikie amekuambia nini.

Shangazi